Mama mkwe anaanguka na kuchanganyikiwa: je, ni uzee tu?

"Daktari, mimi ni Mtanzania wa Tanga, nimeolewa Ujerumani, tunaishi kijijini karibu na Kassel. Mama mkwe wangu ana miaka 83, anaishi peke yake nyumba ya pili kutoka kwetu. Ndani ya miezi miwili ameanguka mara mbili, zote usiku akienda chooni. Tangu Aprili anachanganyikiwa jioni, anamwita marehemu mumewe. Mwaka jana alikuwa na kilo 64, sasa ana 58. Dawa zake ni ramiprili 5 mg, amlodipini 10 mg, furosemidi 40 mg aliyoandikiwa baada ya miguu kuvimba, apiksabani 5 mg asubuhi na jioni kwa sababu moyo unadunda ovyo, pantoprazoli, oksibutinini ya kibofu tangu Machi, zopikloni 7.5 mg ya usingizi, na ibuprofeni anayojinunulia kwa ajili ya goti. Mume wangu anasema ni uzee tu. Wifi anataka tumpeleke nyumba ya wazee kabla ya Krismasi. Mimi kwetu mzazi hatupwi. Nafanya kazi dukani saa 25 kwa wiki. Nifanye nini, na kuna msaada wowote wa serikali?"

Dada yangu, umeandika vizuri sana, na hasa nakushukuru kwa kutaja dawa zote pamoja na ile anayojinunulia mwenyewe. Nusu ya jibu imo humo. Kabla familia haijakaa kikao cha nyumba ya wazee, kuna mambo ambayo huenda yakarekebishika ndani ya wiki chache, na uamuzi mtakaoufanya baada ya hapo utakuwa tofauti na mnaoufikiria leo.

Mumeo anasema ni uzee tu. Namwelewa, kwa sababu kuanguka uzeeni ni jambo la kawaida: katika watu wa miaka 65 na zaidi, karibu mmoja kati ya watatu huanguka kila mwaka. Lakini jambo likiwa la kawaida haina maana halina sababu. Mama ameanguka mara mbili, mahali pamoja, saa zile zile. Hiyo ina sababu inayotafutika.

Tazama jinsi dawa zake zilivyofuatana. Amlodipini hushusha presha kwa kulegeza mishipa midogo ya damu, na kwa dozi ya 10 mg huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa iliyolegea inasukuma maji kutoka kwenye damu kwenda kwenye nyama ya mguu. Mtu akiuona anadhani ni maji mengi, basi inaongezwa furosemidi, dawa ya kukojoza, ambayo uvimbe wa aina hii haiumalizi vizuri. Sasa mama anakojoa mara kwa mara, na mkojo unamwahi kabla hajafika chooni. Anaonekana ana shida ya kibofu, anaandikiwa oksibutinini. Na kwa kuwa hajalala vizuri kwa ajili ya kuamka amka, anapewa zopikloni. Saa nane usiku kibofu kinamwamsha huku dawa ya usingizi ingali ndani ya damu, anasimama haraka gizani, presha inaporomoka, anaanguka. Kila dawa iliandikwa kwa nia njema kutibu tatizo lililoletwa na ile iliyotangulia. Sisi tunaotibu wazee tunaiona hali hii kila wiki.

Sijampima mama, kwa hiyo sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa hakika. Inawezekana furosemidi ana sababu nyingine ya kuitumia, kwa mfano moyo kushindwa kusukuma damu, na hapo kuiacha ghafla ni hatari. Ndiyo maana nakuomba usimwachishe dawa yoyote ya daktari kwa uamuzi wa nyumbani. Zopikloni hasa haiachwi kwa siku moja: usingizi unapotea kabisa, wengine hutetemeka na kuweweseka. Inapunguzwa polepole, mara nyingi kwa robo ya dozi kila wiki mbili, chini ya usimamizi. Vidonge vya 3.75 mg vipo na vinarahisisha kazi hiyo.

Moja tu ndiyo ya kusimamisha leo, nayo ni ibuprofeni. Ikichanganywa na apiksabani, dawa inayozuia damu kuganda, inaongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Ikikutana na ramiprili na furosemidi, inazibana figo kutoka pande tatu: ramiprili inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, furosemidi inapunguza maji yanayofika pale, na ibuprofeni inabana mshipa unaoingiza damu. Figo ya miaka 83 inaweza kushindwa kwa siku chache. Kwa goti mpe parasetamoli, na kwa mtu wa kilo 58 nisingevuka gramu 2 hadi 3 kwa siku bila kumuuliza daktari. Jeli ya diklofenaki ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu na inaweza kusaidia, ila mwulizeni mfamasia kwanza.

Halafu kuna apiksabani. Kwa mtu mwenye moyo unaodunda bila mpangilio, dozi ya kawaida ni 5 mg mara mbili kwa siku, lakini hushushwa hadi 2.5 mg mara mbili mgonjwa akiwa na mambo mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au pungufu, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ya 1.5 mg kwa desilita au zaidi. Mwaka jana akiwa na kilo 64 alikuwa na jambo moja. Leo ana kilo 58, ana mawili. Dozi iliyomfaa mwaka jana huenda sasa imemzidi, na pengine hakuna aliyempima uzito. Lakini msiiache kwa kuogopa kwamba akianguka atavuja damu. Kwa wengi kama yeye hatari ya kiharusi ni kubwa kuliko hiyo. Mwambieni daktari uzito wake wa sasa, yeye ataamua.

Wiki hii fanya kipimo kimoja nyumbani. Tafuta mashine ya presha ya mkononi. Asubuhi kabla ya kifungua kinywa, mama alale chali dakika tano, kisha mpime. Asimame, wewe ukiwa umemkaribia kabisa na kiti nyuma yake, mpime tena baada ya dakika moja, halafu baada ya dakika tatu. Kwa kuwa moyo wake haudundi sawasawa, mashine inaweza kukosea, hivyo rudia siku mbili au tatu na uandike namba zote pamoja na mapigo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaanguka anaposimama. Akisema kizunguzungu au macho yakimfifia, mketishe mara moja na uandike hilo pia.

Sababu yake ni hii. Tunaposimama, zaidi ya nusu lita ya damu inateremkia miguuni na tumboni. Kwa kijana, vihisio vilivyo kwenye mishipa ya shingo vinagundua mara moja, mishipa inabana, moyo unaongeza kasi, na mtu hajui hata kama kuna kilichotokea. Kwa mzee vihisio hivyo vimepungua wepesi. Ukimwongezea dawa inayozuia mishipa isibane, nyingine inayopunguza maji mwilini, na ya tatu, ramiprili, inayozima homoni ya kuinua presha, mwili unakosa pa kushika. Mpaka daktari azipitie dawa, mfundishe aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili akipigapiga nyayo sakafuni kabla ya kusimama. Weka taa ndogo ya usiku inayowaka yenyewe mtu akipita, ondoa kapeti kati ya kitanda na choo, na badala ya ndara avae viatu vinavyoshika kisigino. Kwa usiku, kiti cha choo kando ya kitanda si aibu.

Kuhusu kuchanganyikiwa, naona wote mmeshaliita jambo hili dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, kimoyomoyo. Dimensia huja kwa miezi na miaka, polepole. Kilichoanza ndani ya wiki chache, kinachokuja jioni na kupungua asubuhi, kwanza tunakitafutia sababu nyingine. Oksibutinini inazuia asetilikolini, kemikali inayokaza kibofu. Lakini kemikali hiyo hiyo ndiyo ubongo unaotumia kushika kumbukumbu na kuwa makini, na oksibutinini inapenya kwa urahisi hadi kwenye ubongo. Imo katika orodha ya PRISCUS, ambayo madaktari wa Ujerumani wanaitumia kutambua dawa zisizowafaa wazee. Aliianza Machi, mchanganyiko ukaanza Aprili. Mwulize pia kama mdomo unamkauka na kama choo kimekuwa kigumu, kwa sababu dawa hiyo hiyo inaleta yote mawili, na choo kigumu kikikaa siku nyingi chenyewe kinavuruga akili ya mzee. Pengine furosemidi ikipunguzwa kibofu kitatulia bila dawa. Kisipotulia, zipo dawa zisizogusa asetilikolini, kama mirabegroni, ingawa hiyo inahitaji presha ifuatiliwe.

Dawa zikirekebishwa na akili isirudi baada ya wiki kadhaa, basi tunapima dimensia kwa utaratibu wake, na tunapima hata usikivu na macho. Inawezekana pia mama ana vyote viwili, dimensia inayoanza na dawa inayoizidisha. Sitaki nikupe tumaini la uongo.

Uzito nao hauwezi kupita hivi hivi. Kilo 6 kati ya 64 ni zaidi ya asilimia 9 kwa mwaka, na sisi huanza kuchunguza ikifika asilimia 5. Meno ya bandia yaliyolegea, huzuni, tezi ya shingo, saratani, kusahau kula, au mdomo mkavu kwa sababu ya dawa: daktari aangalie vyote. Kilichopungua siyo mafuta peke yake, ni misuli ya mapaja, ndiyo inayomzuia mtu asianguke. Mwombe ainuke kwenye kiti na kukaa mara tano bila kushika kwa mikono. Ikizidi sekunde 15, misuli imedhoofika. Anahitaji angalau gramu moja ya protini kwa kila kilo kwa siku, yaani kama gramu 60. Yai lina gramu 6 au 7. Bakuli la gramu 250 la Magerquark, jibini laini isiyo na mafuta, ambayo bila shaka anaipenda tangu utotoni, lina kama 30. Maharage yako ya nazi yanahesabika pia. Daktari aandike fiziotherapia ya nguvu na usawa, maana chakula bila mazoezi hakijengi msuli.

Kwa hiyo miadi ya kwanza ni ya daktari wake wa familia. Omba muda mrefu, useme ni kwa ajili ya kupitia dawa zote. Beba dawa zenyewe ndani ya mfuko, siyo orodha tu, beba namba za presha na uzito, na uombe damu ipimwe kreatinini, sodiamu, potasiamu, hemoglobini, tezi na vitamini B12. Mwenye dawa tatu au zaidi za muda mrefu ana haki ya kupewa Medikationsplan, yaani ratiba ya dawa zake zote, iliyochapishwa. Na kwa kuwa anatumia zaidi ya tano, famasia inaweza kumfanyia mapitio kamili ya dawa mara moja kwa mwaka bila malipo. Wengi hawajui haki hiyo ipo.

Sasa msaada wa serikali. Upo, na ombi mngelipeleka jana. Tangu 1995 Ujerumani ina bima ya matunzo ya lazima, na mfuko wake, Pflegekasse, uko ndani ya bima yake ya afya. Mama mwenyewe, au mwenye idhini yake, apige simu leo aseme anaomba Pflegegrad, yaani daraja la uhitaji wa matunzo. Malipo huhesabiwa tangu mwezi wa ombi, siyo mwezi mliofikiria kuomba. Majibu yanatakiwa kutoka ndani ya siku 25 za kazi.

Atakuja mkaguzi wa Medizinischer Dienst, idara ya kitabibu inayowakagua wagonjwa kwa niaba ya mifuko ya bima. Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza. Mama wa kizazi chake atavaa blauzi safi, atatandika meza, atapika kahawa na kusema kila kitu anakiweza mwenyewe. Hasemi uongo, anatetea heshima yake, na mkaguzi anaandika alichoona. Haulizwi ana magonjwa mangapi. Kinachopimwa ni nini hawezi kukifanya bila mtu. Maeneo ni sita, na uzito wake haulingani: kujihudumia, yaani kuoga, kuvaa, kula na kwenda chooni, kunabeba asilimia 40, kushughulikia dawa na matibabu 20, kupanga siku na kukutana na watu 15, akili na tabia hupimwa mbalimbali lakini lenye alama nyingi ndilo linalohesabiwa, 15, kutembea ndani ya nyumba 10 tu. Alama 27 zinampa daraja la 2, na 47.5 daraja la 3.

Kwa wiki mbili kabla ya ukaguzi andika daftari: nani alimkumbusha kunywa dawa na mara ngapi, nani alimwosha mgongo na miguu, usiku gani uliitwa, siku gani alivaa nguo za jana. Andika siku mbaya pamoja na nzuri. Siku ya ukaguzi uwepo. Kama kusema mbele yake kunamdhalilisha, omba dakika tano na mkaguzi pembeni. Matokeo yakija chini ya hali halisi, mna mwezi mmoja wa kupinga kwa maandishi. Ombeni ripoti kamili, na mpinge kipengele kwa kipengele.

Akipata daraja la 2 analipwa euro 347 kwa mwezi ikiwa familia ndiyo inayomtunza, la 3 ni 599. Hivyo ni viwango vya kuanzia Januari 2025. Fedha ni zake, na kwa kawaida mzee humpa anayemtunza. Mkipenda wauguzi waje nyumbani, kuna fungu kubwa zaidi, euro 796 au 1,497, na mnaweza kuchanganya. Kituo cha mchana kina fungu lake peke yake ambalo halikati hizo: siku mbili za wiki anachukuliwa asubuhi, anakula na wenzake, anarudi jioni. Kwa mama aliyebaki mjane, hili ndilo ningelianza nalo. Kuna pia euro 131 kwa mwezi za msaada wa kazi za nyumbani, hadi euro 4,180 za kurekebisha bafu, euro 25.50 kwa mwezi za kitufe cha dharura cha kuvaa mkononi, na kuanzia daraja la 2 euro 3,539 kwa mwaka za kumlipa atakayekushika mkono ukiugua au ukienda Tanga kumwona mama yako.

Na wewe usijisahau. Ukimtunza angalau saa 10 kwa wiki zilizogawanywa kwenye siku mbili au zaidi, naye ana daraja la 2 na kuendelea, mfuko unakulipia michango ya pensheni, mradi kazi yako haizidi saa 30 kwa wiki. Saa zako 25 zinakuruhusu. Jaza fomu yake, hawakujazii wao. Kozi ya kutunza mgonjwa nyumbani ni ya bure. Kumwinua mtu aliyeanguka bila kujivunja mgongo kunafundishwa.

Umesema kwenu mzazi hatupwi, na nasikia kwamba ndani yake kuna lawama kwa wifi. Takwimu hazikubaliani na dhana kwamba Wazungu huwatupa wazazi. Mwishoni mwa 2023 waliohitaji matunzo Ujerumani walikuwa milioni 5.7, na asilimia 86 kati yao walitunzwa nyumbani, wengi na ndugu zao. Wifi yako inawezekana anaogopa simu ya saa tisa usiku. Hofu yake ina msingi. Mama akianza kutoka nje usiku, akihitaji watu wawili kumgeuza kitandani, au wewe ukiacha kulala, nyumba ya wazee nzuri iliyo karibu inaweza kuwa ndiyo upendo wenyewe. Gharama inayobaki kwa mkazi ni, kwa wastani, zaidi ya euro 3,000 kwa mwezi mwaka wa kwanza. Fedha zake zikiisha, ofisi ya ustawi inaingia, na tangu 2020 mtoto hadaiwi mpaka mapato yake ya mwaka yazidi euro 100,000. Mkwe hadaiwi.

Hata mkiamua abaki nyumbani, jiandikisheni mapema kwenye kituo cha mchana na kwa wauguzi wa kijijini. Waliozaliwa 1964, mwaka ambao Ujerumani zote mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zilipata watoto wapatao milioni 1.36, sasa wanakaribia kustaafu, na wauguzi wamo miongoni mwao. Wanaohitaji mikono wanaongezeka na mikono inapungua. Ndiyo maana Berlin ilisaini makubaliano ya uhamiaji na Kenya Septemba 2024, na ndiyo maana ukipiga simu utasikia neno foleni. Ofisi ya Pflegestützpunkt iliyo karibu nanyi itakupa majina ya huduma zilizopo na kukusaidia kujaza fomu, bure.

Jambo moja lina muda wake. Mumeo hana haki ya kumwamulia mama yake kwa kuwa tu ni mtoto wake. Anahitaji Vorsorgevollmacht, idhini ya maandishi, na mama lazima aisaini akiwa anaelewa anachokisaini. Chagueni asubuhi ambayo akili yake imetulia, wifi naye awepo.

Piga 112, namba ya dharura, bila kungoja akigonga kichwa hata kama anasema hajambo, kwa sababu ya apiksabani. Piga pia akishindwa kusimama na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, hiyo ni nyonga iliyovunjika, usimwinue. Vivyo hivyo uso ukipinda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, akizimia, au akitoa choo cheusi kama lami. Akichanganyikiwa ghafla zaidi ya kawaida yake, akiwa na homa, au akikaa siku nzima bila kunywa, ni daktari siku hiyo hiyo, na zahanati ikiwa imefungwa namba ni 116 117.

Ukishapata namba za presha za kulala na kusimama pamoja na kreatinini, niandikie tena uniambie daktari ameanza kubadilisha dawa ipi.